Samaki asiyesahau mto aliozaliwa

JE, msomaji, ni kiumbe gani awezaye kuondoka nyumbani akiwa mdogo kama kidole chako, akazurura ng'ambo miaka mitatu au minne bila ramani wala mwenyeji, kisha siku moja akageuka na kurejea hadi kwenye kijito kile kile alichozaliwa? Si mbayuwayu wala si nyuki. Ni samaki aitwaye samoni, ambaye wengi wetu hapa mjini twamjua akiwa ndani ya kopo katika maduka makubwa, na ambaye bei yake hutufanya tumrudishe pale pale tulipomtoa.

Kopo hilo halisemi hata robo ya kisa chake. Makao ya samoni wa bahari ya Pasifiki upande wa Amerika ni pwani ya magharibi ya bara hilo, kuanzia California, kupitia majimbo ya Oregon na Washington, kuvuka hadi Kanada na kuishia Alaska. Kwa watu wa huko, samoni si kitoweo tu bali ni kalenda. Kama mkulima wa Bungoma anavyoitazama mbingu mwezi wa Machi akijua mvua ya kupanda i karibu, ndivyo mvuvi wa Oregon anavyouangalia mto mwezi wa Septemba.

Samoni hawa ni wa aina tano. Mkubwa wao huitwa Chinook, na wavuvi wamempa jina la mfalme. Wengine ni koho, sokai, pinki na chamu. Usidhani mfalme huyo amepewa cheo bure. Mwaka wa 1985, mvuvi mmoja kwa jina Les Anderson alimtoa Chinook wa kilo 44 kwa ndoana katika mto Kenai huko Alaska. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Rekodi hiyo haijavunjwa.

Maisha ya samaki huyu huanzia kwenye changarawe. Mama samoni hulala ubavu, akaupigapiga mkia wake chini ya mto hadi akachimba shimo, kisha akataga mayai yake kwa maelfu, mekundu-manjano kama lulu, na dume akayarutubisha. Mama huyafunika kwa changarawe na kazi yake duniani huwa imekwisha. Siku chache baadaye hufa yeye na mumewe pia. Watoto wanapoanguliwa hakuna mzazi wa kuwapokea. Wengine hukaa mtoni mwaka mzima au zaidi, wengine hushuka mapema, lakini karibu wote huelekea baharini. Hapo mlangoni mwa mto miili yao hubadilika ili iweze kustahimili chumvi. Huvaa magamba ya fedha, wakaingia bahari kuu na kutokomea.

Watarudije? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na aliyepata fununu ya jibu hakuwa baharini wala mtoni. Profesa Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa akipanda mlima Utah, jimbo alikokulia, alipokaribia maporomoko ya maji yaliyokuwa bado yamefichwa na mwamba. Upepo baridi ulimletea harufu ya kuvumwani na maua, na papo hapo akakumbuka mambo ya utotoni aliyokuwa ameyasahau kabisa. Nadhani hata wewe harufu fulani, labda ya moshi wa kuni au ya mvua juu ya vumbi, imewahi kukurudisha kwa nyanya yako bila nauli. Hasler akajiuliza, je, huenda samoni naye huufuata mto wake kwa pua?

Yeye na mwenzake Warren Wisby wakaenda Issaquah, kijito kilicho karibu na Seattle, wakawakamata koho waliokuwa wakirejea. Wengine waliwaziba pua, wengine wakawaacha kama walivyo, kisha wakawarudisha chini ya njiapanda ya vijito viwili. Wenye pua wazi walikwenda nyumbani. Waliozibwa walitangatanga kama mgeni katika kituo cha mabasi cha Machakos. Leo inaaminika kwamba samoni akiwa bahari kuu huongozwa pia na nguvu ya sumaku ya dunia, lakini akishafika pwani ni pua inayomfikisha mlangoni kwao.

Sasa hebu twende tukavue. Tuchukue ghuba moja tu, nayo ni Tillamook, katika pwani ya Oregon. Mito mitano humwaga maji yake humo: Miami, Kilchis, Wilson, Trask na Tillamook wenyewe. Kiangazi kikielekea mwisho, mito hiyo huwa imepungua na maji yake yana uvuguvugu, na samoni hapendi maji ya uvuguvugu. Kwa hivyo mfalme Chinook akitoka baharini hukaa ghubani akisubiri. Huingia na maji yakijaa, akarudi nyuma kidogo yakipwa, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta lango limefungwa.

Wavuvi wanalijua hilo. Kuanzia Septemba utaona mashua zao ghubani alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Chambo chao aghalabu ni heringi, samaki mdogo mfano wa dagaa mkubwa, ambaye hutungwa kwenye ndoana mbili kwa namna ya kumfanya azunguke majini kama aliyejeruhiwa. Chubwi huwekwa ili mshipi uzame hadi karibu na sakafu ya ghuba, na mashua huenda polepole sana. Ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji hubandikwa jikoni kama sisi tunavyobandika ratiba ya mitihani.

Kisha mvua ya kwanza ya Oktoba hunyesha milimani. Mito hujaa, harufu ya changarawe ya nyumbani hufika ghubani, na samaki huondoka kwa mkupuo. Mvuvi aliyebaki ghubani siku hiyo amechelewa. Mashua hubebwa juu ya magari hadi mitoni, na sasa chambo huwa ni mayai ya samoni yaliyohifadhiwa kwa chumvi, au vijiko vya chuma ving'aavyo ambavyo huzunguka katika mkondo.

Hapa pana jambo la kushangaza. Samoni akishaingia maji baridi kwenda kutaga hali tena chakula. Tumbo lake husinyaa na mwili huishi kwa mafuta aliyoyaweka baharini. Mbona basi humeza ndoana? Wavuvi hubishana kuhusu hilo toka enzi za babu zao. Wapo wasemao ni hasira, kwamba hufukuza kitu kinachompitia puani. Wengine husema ni mazoea ya kale yasiyokufa. Mimi nawaunga mkono wa hasira, kwa maana kila msafiri aliyechoka ni mwepesi wa kuuma.

Chinook wakiisha, mwishoni mwa Novemba au Desemba, wavuvi hawafungi virago, maana yuko mwingine njiani, naye ndiye anayewatoa watu jasho wakati wa baridi kali. Huitwa stilihedi, yaani kichwa cha chuma. Huingia mto Wilson na mito jirani kuanzia Desemba hadi Machi, katika mvua isiyokatika na baridi ya kuganda vidole. Samaki huyu ni mchache, ni mjanja na ana nguvu kupita kiasi. Siri ya kumpata imo katika rangi ya maji. Mto ukiwa umejaa, ukafanana na chai ya maziwa, kaa nyumbani. Ukiwa mwangavu kama glasi atakuona kabla hujamwona. Lakini mvua ikikatika, mto ukaanza kushuka na kupata rangi ya kijani iliyofifia, hapo ndipo watu huugua ghafla na kukosa kufika kazini.

Stilihedi ana tofauti moja kubwa na samoni wale watano. Wao hufa wote baada ya kutaga. Yeye anaweza kunusurika, akarudi baharini na kuja kutaga tena mwaka mwingine. Na sasa, msomaji, nikuambie jambo ambalo huenda likakushangaza: samaki huyu tunaye hapa Kenya. Stilihedi na trauti wa upinde wa mvua ni samaki mmoja kabisa, jamii moja, damu moja. Katika mto mmoja wa Oregon ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuachana, mmoja akashuka baharini na kurudi akiwa jitu la fedha la kilo tano, mwingine akabaki mtoni maisha yake yote akiwa mdogo mwenye mstari wa waridi ubavuni.

Huyu wa kubaki nyumbani ndiye aliyeletwa kwetu. Trauti wa kwanza kuingia nchini walikuwa wa rangi ya kahawia kutoka Scotland, walioletwa na mlowezi Ewart Grogan mwaka wa 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Wale wa upinde wa mvua walifuata mwaka wa 1910 kutoka Afrika Kusini. Mpaka leo wamo katika mito baridi ya Mlima Kenya kama Sagana, Thego na Burguret, na vifaranga vyao hutotolewa Kiganjo karibu na Nyeri. Lakini mtoto wa Sagana hata akiota kwenda baharini kama binamu yake wa Oregon hana njia. Maji ya Tana yakishafika nyanda za chini ni moto mno kwake, na kabla ya hapo zimo kuta za Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere.

Nimezitaja kuta hizo kwa sababu kisa cha samoni pia kimegonga ukuta, tena nyingi. Mto Columbia, unaotenganisha Oregon na Washington, ndio uliokuwa mama wa samoni duniani. Wataalamu hukadiria kwamba kabla ya walowezi samaki kati ya milioni 10 na 16 walikuwa wakiupanda kila mwaka. Bwawa la Bonneville lilianza kazi mwaka wa 1938, nalo angalau lilijengewa ngazi, yaani mfululizo wa vidimbwi ambavyo samaki hurukia kimoja baada ya kingine hadi juu. Tangu mwaka huo samaki wanaopita huhesabiwa. Naam, wapo watu waliopokea mshahara kwa kuketi mbele ya dirisha la kioo na kuhesabu samaki, kazi ambayo naamini ingepata waombaji wengi hapa Nairobi.

Lakini bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka wa 1942, halikuwekewa ngazi yoyote. Samaki waliokuwa wakifuata harufu ya vijito vya juu walifika ukutani na safari ikaishia hapo. Mnamo Juni 1940, maji yakiwa yanapanda kuelekea maporomoko ya Kettle Falls, wenyeji wa asili walikusanyika kutoka makabila mengi, wakafanya sherehe waliyoiita ya machozi, kumuaga samoni. Mwaka wa 1957 maporomoko ya Celilo nayo, ambako watu walikuwa wamevua na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka, yalizama chini ya ziwa la bwawa jingine kwa muda wa saa chache.

Watu hao hawakuwa bila haki. Katika mikataba ya miaka ya 1854 na 1855, walipotoa ardhi yao kwa serikali ya Marekani, walibakiza jambo moja: haki ya kuendelea kuvua mahali pao pa kawaida. Walowezi walitia sahihi, kisha wakasahau. Mwaka wa 1945 mvulana wa miaka 14 wa kabila la Nisqually, Billy Frank Mdogo, alikamatwa kwa kosa la kuvua samoni katika mto wa babu zake. Alikuja kukamatwa zaidi ya mara 50 maishani mwake. Yeye na wenzake walikuwa wakitia nyavu hadharani, askari wakija na marungu, watu wakiburutwa mbele ya watoto wao.

Kesi ilifika mbele ya Jaji George Boldt, mzee ambaye hakuna aliyemdhania kuwa mpenzi wa wanaharakati. Februari 12, 1974, alisoma mikataba ile neno kwa neno na kuamua kwamba makabila yana haki ya nusu ya samaki wote wanaoweza kuvuliwa katika maji hayo. Wavuvi wa kizungu walighadhibika, wengine wakachoma sanamu ya jaji huyo. Mahakama Kuu ya nchi iliuthibitisha uamuzi mwaka wa 1979. Billy Frank alifariki mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata Rais Barack Obama, ndiye yule ambaye babake alitoka Siaya, alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia. Ni Obama huyo huyo aliyewachekesha wabunge mwaka wa 2011 kwa kueleza kwamba samoni akiwa mtoni husimamiwa na wizara moja, akiingia maji ya chumvi huhamia wizara nyingine, na kwamba mambo huwa mazito zaidi akishakaushwa kwa moshi.

Kwa hivyo usidhani mvuvi wa Tillamook huamka tu akachukua mshipi na kwenda. Lazima awe na leseni na kadi, na akimtoa samaki wa kuchukua humwandika papo hapo kabla ya kutupa ndoana tena. Mahali pengi ndoana hutakiwa isiwe na kimiba ili samaki aweze kuachiliwa bila jeraha kubwa. Kuna pezi dogo la mafuta mgongoni, karibu na mkia, ambalo ndilo kitambulisho. Vifaranga wanaotoka katika vituo vya kutotolea hukatwa pezi hilo kabla ya kuachiliwa. Mvuvi akimkuta stilihedi hana pezi, amchukue. Akiwa nalo, huyo ni mwana wa mto, na katika mito mingi humrudisha majini akiwa hai, hata kama amesimama kwenye baridi tangu alfajiri na watoto wanamsubiri.

Na kuna miaka ambayo hata leseni haisaidii. California ilifunga kabisa uvuvi wa samoni baharini mwaka wa 2023, ikafunga tena mwaka wa 2024, baada ya ukame kukausha na kupasha moto mito ambamo wangezaliwa samaki wa misimu hiyo. Mashua zilikaa bandarini. Wenye mashua za kubeba watalii waliwaonyesha nyangumi badala yake.

Sisi wa mjini tunaweza kudhani mambo ya mabwawa na ukame hayatuhusu. Basi sikia hili. Kwa miaka mingi koho waliokuwa wakirudi katika vijito vya eneo la Seattle walionekana wakizunguka kama walevi, midomo wazi, na kufa kabla ya kutaga, hasa baada ya mvua. Dawa za mashambani zilishukiwa zikaonekana hazina hatia. Mwaka wa 2020 watafiti walitangaza wamempata mwuaji: ni kemikali itokanayo na magurudumu ya magari. Kuna dawa itiwayo katika mpira ili usipasuke, na vumbi la gurudumu linapokutana na hewa, dawa hiyo hugeuka sumu. Mvua huiosha kutoka barabarani hadi kijitoni. Samoni ametoka bahari kuu, amepita sili na nyavu na ngazi za bwawa, kisha akauawa na matairi ya watu wanaokwenda kazini.

Lakini zipo pia kuta zilizoanguka. Mto Elwha katika jimbo la Washington ulikuwa na mabwawa mawili, moja la mwaka wa 1913 na jingine la 1927, yote bila ngazi. Yalianza kubomolewa mwaka wa 2011 na kazi ikaisha 2014. Nayo safari ya mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, ilikuwa ndefu zaidi. Septemba 2002 zaidi ya samoni 30,000 walikufa sehemu ya chini ya mto huo kwa maradhi, maji yakiwa haba na yenye joto. Watu wa kabila la Yurok walioishi hapo waliona mizoga imejaa kingoni, na toka siku hiyo wao na makabila jirani hawakunyamaza. Walikwenda kwenye mikutano ya kampuni, wakaenda mahakamani, wengine wakazeeka katika kazi hiyo. Mabwawa manne yalibomolewa, na la mwisho liliondolewa mwaka wa 2024.

Kazi hiyo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu kukamilika pale, mnamo Oktoba 16, 2024, wataalamu wa Oregon walipomwona Chinook katika kijito kilicho juu ya mahali ambapo bwawa la mwisho lilikuwa limesimama. Samoni kutoka baharini hakuwa ameonekana katika sehemu hiyo ya Oregon tangu mwaka wa 1912.

Hapa mwanafunzi makini atanyoosha mkono. Ikiwa samoni hurudi kwa harufu ya mto aliozaliwa, huyu alifikaje mahali ambapo yeye, mama yake wala bibi yake hawakuwahi kuzaliwa? Jibu ni kwamba katika kila kundi wapo wachache ambao hupotea njia, au pengine hawapotei bali hujaribu. Hupita kwao wakaendelea kupanda mto. Miaka yote ile watundu hao walikuwa wakifika ukutani na kufia hapo bila mtu kujua. Msimu huo walipofika, ukuta haukuwepo.